Aliyebahatisha Akapata

Swali lenyewe ni dogo, ila limenikaa kooni tangu masika iliyopita. Mtu akikuuzia jambo asilolijua, kisha jambo hilo likatokea kuwa sawa, amekudanganya au hajakudanganya? Akikosea hakuna mjadala, kila mtu anajua la kumwita. Mimi naulizia habari za yule aliyepatia. Kafumba macho, karusha jiwe mwembeni, embe limeanguka. Embe lile lina utamu uleule wa embe lililolengwa. Sasa kosa liko wapi?

Nimelipeleka swali hili kijiweni kwetu Ngarenaro, machalii wakanicheka. "Wewe nawe! Kitu kimepona, kimepona. Unataka kujua kimeponaje ili iweje?" Mmoja akasema huo ni ugonjwa wa watu wanaosoma usiku. Labda. Lakini nimechunguza nikaona kwamba anayecheka zaidi ni yule ambaye hajawahi kulipa mara mbili kwa jambo moja.

Nitalijadili kwa njia ya kioo cha gari. Najua kurasa hizi zimezoea insha zinazoanzia kwa Nyerere na kuishia kwa Fanon. Leo tuvumiliane, msomaji mwenzangu, twende gereji.

Mwenye gari Arusha hawezi kukwambia kioo ni pambo. Kiangazi kikikolea, vumbi la ardhi yetu ya volkano, laini kama unga wa sembe, linaingia hata pale ambapo sisimizi hapiti. Juni na Julai baridi ya Meru inakata masikio. Masika ikija, mvua haina simile. Na mwizi je? Gari ambalo kioo chake kimegomea chini huwezi kuliacha Kilombero ukaingia sokoni kununua hata fungu la nyanya. Ukirudi utakuta redio imekwenda na aliyekuwa akiihitaji kuliko wewe.

Mwalimu wangu wa darasa la nne anakaa upande wa Ngaramtoni. Ana Toyota Carina ya miaka ya 1990, zile gari zilizofika nchini zikiwa zimekwishawachosha Wajapani, zikaanza maisha mapya kwetu. Jioni na siku za Jumamosi huitumia kubeba watu wa kukodi, maana mshahara wa ualimu si unaujua. Aprili, kioo cha mlango wa mbele kushoto, mlango wa abiria, kikashuka na kukataa kupanda. Abiria gani atakubali kukalia kiti kilicholowa? Mwalimu akanipigia simu nimsindikize mjini, akidai vijana ndio tunaojua mafundi.

Gereji ya kwanza sitaitaja, na wala si mbaya kuliko nyingine. Fundi alifungua paneli ya mlango, akachomoa soketi ya mota, akagusisha testa kwenye waya mmoja na upande wa pili akabana kwenye bodi. Akamwambia Mwalimu abonyeze swichi ya mlangoni. Taa ya testa ikawaka. Fundi akageuka kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi: "Umeme unafika, Mwalimu. Mota imekufa."

Mota ya mtumba ilipatikana kwa shilingi 70,000, na ufundi 15,000. Mwalimu hakuomba apunguziwe. Mota ikafungwa, swichi ikabonyezwa, na kioo kikapanda! Kilipanda taratibu, bila kelele, mpaka juu. Mwalimu alifurahi akatoa na hela ya soda.

Kwa siku tatu yule fundi alikuwa bingwa. Mwalimu alimsifu ofisini kwa walimu wenzake, wawili wakachukua namba ya simu. Siku ya nne, pale Sakina, mvua inanyesha kama imetumwa, kioo kikashuka na hakikurudi.

Sasa niambie, kwa siku zile tatu fundi yule alikuwa nani? Ile mota ya zamani ilikuwa nzima. Ilivyojulikana nitaeleza mbele, kwa sasa niamini tu. Kilichokuwa kimeharibika ni waya mmoja, mbali na mota, na katika purukushani ya kufungua mlango nyuzi zake za shaba ziligusana tena. Tuseme zisingeachana siku ya nne. Tuseme zingegusana mwaka mzima. Mwalimu angeendelea kumsifu mwaka mzima. Tuseme zingegusana mpaka gari linakatwa vyuma chakavu. Basi fundi angebaki bingwa milele, na Mwalimu angeshuhudia hivyo hata mahakamani. Yaani sifa yote na lawama yote imeamuliwa na nyuzi mbili za shaba ambazo fundi hakuziona, hakuzigusa, wala hakujua kama zipo. Hilo linanitatiza. Tendo ni lilelile: testa ileile, maneno yaleyale, bei ileile.

Yupo Mwingereza mmoja, William Clifford, mwanahisabati, aliyeandika mwaka 1877 insha juu ya maadili ya kuamini. Ndani yake yumo mwenye meli. Meli ni kuukuu, imekarabatiwa mara nyingi, na mwenyewe ana wasiwasi nayo. Ukarabati ni ghali, kwa hiyo anajituliza: imesafiri mara ngapi ikarudi? Mungu hatawaacha wale wahamiaji. Anajituliza mpaka anafaulu, anaamini kwa dhati kabisa kwamba meli ni nzima. Inazama, na yeye analipwa bima yake. Clifford anamtia hatiani, kwa sababu imani ile, hata kama ilikuwa ya dhati, hakuipata kwa kuchunguza. Kisha anageuza hadithi: meli haikuzama, ilifika salama safari hiyo na nyingine nyingi. Hatia imepungua? Clifford anasema hata chembe. Tendo liliisha siku ile meli ilipong'oa nanga, na bahari haina uwezo wa kulifanya jema.

Hatuhitaji kwenda mpaka Uingereza kutafuta meli. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, mamia wakafa. Safari ile kila mtu anaikumbuka. Mimi huwa nazifikiria zile ambazo hakuna anayezikumbuka: chombo chochote kilichowahi kujazwa hivyo kikafika, watu wakashuka gatini, wakapatana bei za ndizi, nahodha akasifiwa kwa kuwahi. Najua kioo cha Carina si meli. Hakuna aliyekufa pale Sakina, tulilowa tu. Lakini tabia haina vipimo viwili, cha meli na cha kioo.

Watu wa kijiweni watanijibu: kwa hiyo fundi asifikirie mpaka awe na uhakika? Hapana. Hapa lugha yetu inasaidia kuliko insha ya Clifford. Kiswahili kina kukisia na kina kubahatisha, na havifanani. Anayekisia ana kitu mkononi, dalili fulani, anaitazama na kukadiria. Mama anakisia chumvi. Mkulima wa Tengeru anakisia mvua kwa kutazama wingu lililokaa mlimani. Ukimwuliza kwa nini, atakuonyesha wingu. Anayebahatisha ukimwuliza kwa nini, atakuonyesha bei. Na lipo neno la tatu, kubabaisha. Kubabaika ni kukosa la kusema, kugugumia. Kubabaisha ni kumfanya mwenzako ababaike. Angalia ujanja wa neno hili: anayepaswa kugugumia ni fundi, maana ndiye asiyejua, lakini kwa ufundi wa maneno kigugumizi anakihamishia kwa mteja. "Umeme unafika, Mwalimu." Nani angesema kitu?

Na tusimwonee. Alikuwa na testa, na testa iliwaka kweli. Ila aliuliza swali moja tu, lile ambalo jibu lake lingemwuzia mota. Lilipojibika, akafunga kitabu.

Fundi wa mwisho (katikati kulikuwa na mwingine aliyetaka kubadilisha swichi zote za milango minne, huyo tulimkimbia) tulimpata Unga Limited, chini ya mti, gereji isiyo na kibao. Ni mzee wa makamo ya babu, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibuni. Gari ina nini?"

"Mota ya kioo imekufa tena," Mwalimu akasema.

"Hilo ni jibu, Mwalimu. Nipe kwanza swali."

Mwalimu, aliyewafundisha watoto hesabu miaka yote hiyo, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akaeleza upya: kinashuka, hakipandi. Kwa swichi ipi? Akasita. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Mzee akaingia kiti cha dereva, akabonyeza swichi kuu, juu na chini, kimya. Akahamia kiti cha abiria, akazima injini, akawasha taa ya ndani ya gari. Akabonyeza swichi ya mlango ule kushusha. Kioo kilikuwa kimeshafika chini, hakina pa kwenda, lakini taa ya darini ikafifia kidogo. Akabonyeza kupandisha. Taa ikabaki vilevile.

Kwa dakika mbili, bila kufungua hata skurubu moja, alikuwa amejua zaidi ya shilingi 85,000 zilivyojua. Taa ikififia maana yake kuna kitu kimeunyonya umeme wa betri. Mota inahangaika kushuka, kwa hiyo mota ni hai. Na mota ya kioo haina upande wa kufa na upande wa kupona. Ni mota moja, inazungushwa kinyume kwa kubadilishana chanya na hasi kwenye nyaya zake mbili. Inayoweza kwenda chini inaweza kwenda juu, ikipewa njia.

"Mwalimu, mota hii nzima. Na ile uliyotoa nadhani nayo ilikuwa nzima."

"Sasa tatizo ni nini?"

"Sijui bado. Niachie nusu saa."

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo. Mwalimu alinivuta pembeni. "Kijana wangu, huyu mzee hajui. Umemsikia mwenyewe." Alitaka tuondoke! Mtu aliyetuambia neno la kwanza la kweli tangu Aprili ndiye tuliyetaka kumkimbia, na kisa chake ni hilohilo neno la kweli. Nilimbembeleza Mwalimu tukae, tukaagiza chai.

Katika magari mengi ya Kijapani ya umri ule, kioo kikiwa kimetulia, nyaya zote mbili za mota zimeshikizwa hasi. Ukibonyeza, waya mmoja unaachana na hasi na kupewa chanya, wa pili unabaki hasi ili umeme urudi. Na kwa mlango wa abiria, njia ya kurudi haiishii mlangoni pale. Inavuka gari lote hadi kwenye swichi kuu ya dereva, ndipo inapata hasi. Kwa hiyo kioo cha kushoto kinaweza kugoma kwa sababu ya kitu kilichoko kulia, au cha katikati. Kwa hesabu hiyo, waya mmoja tu wa kuvukia ukikatika, swichi ya dereva haitapandisha wala kushusha, na swichi ya abiria itafanya upande mmoja na kukataa upande wa pili. Ndivyo ilivyokuwa. Gari lilikuwa linasema ugonjwa wake kwa sauti, na hakuna aliyekuwa amelisikiliza.

Testa ya mzee ilikuwa kama ya yule wa kwanza, labda imechakaa zaidi. Yeye akaipachika kati ya nyaya mbili za mota zenyewe, soketi ikiwa imechomekwa, huku mwanafunzi wake akibonyeza kupandisha. Giza. Akagusisha waya wa kwanza na bodi, ikawaka. Waya wa pili na bodi, nao ukawaka! Ninyi mliosoma fizikia mmeshaelewa. Umeme ulifika kweli, ukapita kwenye mota, ukatoka upande wa pili ukakuta njia imekatika, ukasimama. Pande zote mbili zina volti 12, na kati yake hakuna tofauti ya kuzungusha hata feni ya kuchezea. "Umeme unafika" ilikuwa kauli ya kweli kabisa. Ndiyo maana ilitupoteza.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Kati ya mlango na nguzo ya bodi kuna bomba la mpira linalobeba nyaya, na kila mlango unapofunguliwa nyaya zile zinakunjwa na kukunjuliwa, miaka zaidi ya ishirini na tano. Shaba hukatika ndani, ganda la nje likabaki zuri. Mzee akauvuta mpira, akajaribu waya mmoja mmoja kwa vidole. Wa nne ukavutika kama lastiki. Akaukata, ndani mmeota weusi. Akaunga kipande kipya cha unene uleule, akalehemu kwa risasi, akafunga. Kioo kikapanda.

"Shilingi ngapi, mzee?"

"Elfu ishirini."

"Elfu ishirini, mzee wangu! Kwa kipande cha waya?"

"Waya ni elfu moja. Elfu kumi na tisa ni za kutafuta."

Mwalimu akapatana naye mpaka elfu kumi na tano. Nilikuwepo. Mtu aliyelipa 85,000 za kubahatishiwa bila kuomba apunguziwe hata mia, aligombania elfu tano za kutafutiwa ukweli. Nampenda Mwalimu, ndiye aliyenifundisha kusoma saa, lakini hapo aliniudhi. Baadaye nikaona si yeye peke yake. Sisi wote tunalipia kitu. Kitu kinashikika, kina uzito, kinafungwa kwenye gazeti. Akili haifungwi kwenye gazeti, basi tunaiomba iwe nyongeza ya soda.

Hapo ndipo ninapoachana na Clifford. Mwenye meli wake ni tajiri, anaogopa tu hasara. Fundi wa kwanza ana njaa. Akisema "sijui bado" kama yule mzee, wateja wanne kati ya watano wataondoka kama Mwalimu alivyotaka kuondoka, watakwenda gereji ya jirani ambako kuna kijana atakayesema "mota" kabla hawajazima injini. Soko letu linamlipa anayejua upesi na kumfukuza anayetaka kujua sawasawa. Sisemi njaa inamtakasa. Nasema uhakika ule wa uongo una muuzaji na una mnunuzi, na siku ile Mwalimu na mimi ndio tulikuwa wanunuzi.

Tena haikuwa hivi siku zote. Mafundi wa umri wa mzee yule walijifunza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, nchi haina fedha za kigeni, spea ni za kutafuta kwa tochi. Huwezi kubahatisha kwa kubadilisha kama huna cha kubadilisha. Unalazimika kutafuta ugonjwa, ukiupata unaushona, mota ikiungua unaizungushia waya upya. Bajeti ya mwaka 1984 ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baadaye mitumba ya Japani ilipofurika, spea zikawa karibu. Nani anataka kuirudia ile dhiki? Si mimi. Ila kubahatisha kulipata mtaji: mota ya mtumba ikiwepo dukani jirani, ni rahisi kuijaribu kuliko kufikiri. Na hela ya kujaribia si ya fundi.

Jambo hili si la gereji peke yake. Mimi nimekulia mji ulioko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mbu wa malaria si wengi kama Tanga au Kilosa, lakini utotoni kila homa yangu iliitwa malaria na kila mara nilimeza vidonge. Mara nyingi nilipona! Homa nyingi zina adabu, zinaondoka zenyewe, na sifa inakwenda kwa kidonge kilichokuwa karibu. Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 uliwaangalia wagonjwa wa homa 870 waliolazwa. Zaidi ya nusu yao walidhaniwa kuwa na malaria. Walioonekana kuwa nayo kweli hawakufika wawili katika kila mia. Wengine walikuwa na magonjwa mengine, yenye dawa nyingine, ambayo hakuna aliyekuwa akiyatafuta. Shirika la Afya Duniani lilikwishaelekeza mwaka 2010 kwamba watu wapimwe kwanza ndipo watibiwe. Siku hizi kipimo cha haraka ni tone la damu na dakika chache. Na bado nawajua watu watakaokunja uso daktari akisema kipimo hakionyeshi malaria. "Huyu daktari hajui," wanasema, wanakwenda duka la dawa.

Sasa nirudi kwenye embe langu. Kosa la aliyebahatisha akapata liko wapi, ikiwa alichosema kimekuwa kweli? Nimefika hapa: fundi anapotamka "mota imekufa" anasema mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni habari ya mota. La pili halitamkwi: "na mimi najua." Mteja ananunua yote mawili, na hasa hilo la pili, kwa sababu yeye hana njia ya kulichungulia la kwanza. Mota inaweza kweli kuwa imekufa. Hilo la pili likabaki uongo. Hajadanganya kuhusu gari, amedanganya kuhusu nafsi yake, na uongo huo ulikuwa umekamilika kabla skurubu ya kwanza haijatoka. Kioo kipande au kisipande, uongo ule hauongezeki wala haupungui. Arusha jiwe mwembeni kama embe ni lake na jiwe ni lake. Akirusha hela za mwenye watoto, aseme kwanza kwamba kafumba macho.

Akisema hivyo, simdai zaidi. "Mwalimu, nakisia ni mota, sijapima njia yote. Tukijaribu na isipokuwa hiyo, naitoa, unabaki na yako, nusu ya hasara ni yangu." Fundi wa namna hiyo akikosea hata mara tatu nitamrudia mara ya nne. Yule mzee naye alikisia, tena sana. Alikisia nguzo ya mlango kabla ya kuivuta ile mipira, maana ndipo nyaya hukatikia. Lakini aliliachia gari nafasi ya kumkatalia.

Na sisi tunaoandika? Nimeona miswada ikirudishwa na watu walioisoma kurasa mbili: "Badili mwanzo, hauvuti." Mwandishi anabadili mwanzo, na pengine hadithi inakuwa nzuri zaidi kwa bahati. Mwanzo ndio mota ya hadithi, unaonekana, unabadilishika, kila mtu anaweza kuulaumu. Ugonjwa uko ukurasa wa kumi na tisa, ndani ya ganda zuri, ambako kuna mtu hakuwahi kupenda lakini tunaambiwa alipenda. Nani atalipwa kwa kuufikia?

Mambo mengine niliyoyaona chini ya mti ule nayapitia tu. Mama mmoja alikuja amekwishalipia swichi tatu, kumbe mtoto alibonyeza kile kifungo cha dereva kinachofunga vioo vya abiria. Mzee alikibonyeza tena, vioo vikafunguka, akakataa hela. Mwingine fyuzi yake iliungua ikawekewa karatasi ya pakiti ya sigara. Kila kitu kilifanya kazi vizuri sana, mpaka nyaya zikaanza kutoa moshi. Na vioo vingi vinavyogoma katikati na kuamka baada ya dakika kumi havina ugonjwa wa umeme hata kidogo. Ni vumbi la Meru limejaa kwenye mipira ya pembeni, mota inasukuma mpaka inapata moto, kinga yake inakata, ikipoa inarudi. Dawa yake ni maji, sabuni na kitambaa.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu alirudi gereji ya kwanza. Hakwenda kugomba, si mtu wa kugomba. Alikwenda kuulizia mota yake ya zamani, ile iliyokuja na gari, ili awe nayo ya akiba. Akaambiwa vyuma chakavu walishavichukua. Alisimama kidogo, akashukuru, akatoka. Tulipofika kwenye gari akaniuliza kama niliiona ikitupwa. Sikuiona. Nilichokiona siku ile ni kijana wa pale akiifuta kwa kitambaa chenye petroli, polepole, pembe zote, akaiweka rafu ya juu karibu na zile za kuuza.

Nadhani imekwishapata mtu. Na kwa jinsi ilivyokuwa nzima, nadhani inamfanyia kazi vizuri sana.